B.E.9, ndege yenye mimbari: yanayosemwa na yaliyokuwa

Picha ya B.E.9, ndege ya Uingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huchekesha. Mbele ya propela kuna sanduku la plaiwudi, na ndani yake kakaa mtu na bunduki ya Lewis, bunduki ya rashasha. Wanajeshi wa Uingereza wenyewe waliibandika jina la "Mimbari".

Dhana: Iliundwa na watu wasiojua ndege.

Ukweli: Ilitoka Royal Aircraft Factory, kiwanda cha serikali pale Farnborough, mwaka 1915. Walichukua B.E.2c moja, ndege ya watu wawili, wakairudisha injini nyuma, mahali alipokuwa akikaa mtazamaji, mwenzake rubani anayemtafuta adui na kupiga bunduki, na yeye wakamhamishia mbele. Tatizo lao lilikuwa la kweli: ukifyatua risasi kupitia propela inayozunguka, unaikata mwenyewe. Wajerumani walikuwa wameshapata dawa kwenye ndege yao ya Fokker Eindecker, ambayo bunduki yake ilisubiri panga la propela lipite ndipo ifyatue. Waingereza walikuja kupata kifaa cha namna hiyo mwaka 1916. Kuweka injini na propela nyuma ya rubani, kama ndege ya Vickers F.B.5, kuliwezekana, ila kasi ilipungua. Mimbari ilitaka vyote viwili, mbele kuwe peupe na mbio zisipotee.

Dhana: Iliua wapiga bunduki wengi.

Ukweli: Wengi wangetoka wapi? Ilijengwa moja tu. Hofu ndiyo ilikuwa halali, maana propela ilivuma nyuma ya kisogo, na ndege ikichoma pua chini wakati wa kutua, injini yote ingemwangukia aliye mbele. Kwangu mimi, kasoro kubwa ni ile isiyotajwa sana. Kati ya mpiga bunduki na rubani kulikuwa na injini pamoja na propela. Hakuna kuitana, hakuna kugusana bega. Anamwona adui wa kwanza, na hana namna ya kusema "geuza kushoto".

Dhana: Haikufika vitani.

Ukweli: Iliruka Agosti 1915, na Septemba ikapelekwa Ufaransa ijaribiwe na vikosi. Hugh Trenchard, mkuu wa kikosi cha anga cha Uingereza huko, hakuipendekeza. Mapema 1916 ikarudishwa kwao.

Dhana: Ni kituko cha Waingereza peke yao.

Ukweli: Wafaransa walikuwa na ndege ya SPAD A.2 yenye mpangilio uleule, na hiyo ilitengenezwa kwa makumi. Nyingi ziliishia Urusi, ambako baadhi zilivuliwa magurudumu zikafungwa skii za kurukia kwenye theluji.