Upande A wa Kind of Blue: kwa nini ala yako haikubaliani nao

Piga saksofoni au gitaa sambamba na "So What" kutoka kwenye santuri ya zamani ya Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis, na utajikuta uko chini kidogo. Unakaza nyuzi, mambo yanakaa sawa. Unageuza santuri upige na "All Blues", na sasa uko juu. Kabla hujaenda kwa fundi, jua kwamba ala yako haina kosa. Kosa ni la mkanda, lilifanyika mwaka 1959, na halikusahihishwa hadi 1992.

Davis, mpiga tarumbeta, alirekodi albamu hii kwa vikao viwili tu, katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, jengo lililokuwa kanisa. Kikao cha 2 Machi 1959 kilitoa "So What", "Freddie Freeloader" na "Blue in Green". Kile cha 22 Aprili kilitoa "All Blues" na "Flamenco Sketches". Nyimbo za Machi zote zikawekwa upande A, za Aprili upande B, ndiyo maana kosa linakoma pale pale unapogeuza santuri.

Siku ile ya Machi mashine mbili za mkanda zilikuwa zinarekodi kwa pamoja, moja ya mkanda mkuu na nyingine ya akiba. Ile ya mkanda mkuu ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Hapa wengi hugeuza mambo: wakisikia "mashine ilikuwa polepole" wanadhani muziki ulitoka chini. Ni kinyume chake. Mashine ikienda polepole wakati wa kurekodi, muziki unaandikwa kwenye kipande kifupi cha mkanda. Kipande hicho kikichezwa baadaye kwenye mashine nzima, kinapita haraka kuliko kilivyoandikwa. Sauti inapanda na wimbo unafupika, vyote viwili kwa pamoja. Neno hilo "vyote viwili" litatufaa tukifika kwenye kurekebisha.

Imepanda kiasi gani? Namba inayotajwa sana ni 1.25%. Asilimia moja ya kasi ni kama senti 17 (nusu toni ni senti 100), kwa hiyo 1.25% inakuwa senti 21 na ushee: noti ya La ya 440 Hz inasomeka 445.5. Wapo wanaosema ni robo toni. Robo toni ni senti 50, na kuifikia kasi ingebidi izidi kwa karibu 2.9%. Tofauti hiyo si ndogo, na haina haja ya mabishano kwa sababu inapimika nyumbani.

Usipime kwa muda ulioandikwa kwenye jalada. Muda huo hutofautiana toleo kwa toleo kwa sababu ya mahali sauti ilipofifishwa mwishoni na ukimya ulioachwa mwanzoni. Usitegemee tyuna (kifaa cha kupimia noti) peke yake pia: piano ya studio si lazima iwe ilikuwa imekaa kwenye 440 kamili siku hiyo, na ala za kupuliza huvutwa juu na chini na mdomo wa mpigaji. Njia safi ni kupima umbali kati ya matukio mawili ndani ya wimbo mmoja.

Chukua "So What" kutoka toleo unalolitilia shaka na lile unalojua limesahihishwa, uyafungue yote mawili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Tukio la kwanza: pigo kubwa la tasa (toazi) la mpiga ngoma Jimmy Cobb, pale Davis anapoanza solo yake. Huwezi kulikosa, linajaa chumba kizima na mwangwi wake unachukua muda kufa. Tukio la pili: noti ya kwanza ya besi ya Paul Chambers pale mada inaporudi mwishoni, ile besi inayouliza na wenzake wanajibu kwa kodi (noti zinazopigwa pamoja) mbili kama waumini wanaoitikia amina. Kuza wimbi la sauti mpaka uone mwanzo hasa wa kila tukio, kisha soma sekunde zilizopo kati yao. Tuseme toleo lililosahihishwa linatoa sekunde 405 na lako 400. Gawanya: 405 ÷ 400 = 1.0125. Hiyo ndiyo 1.25% yako, na kosa la robo ya sekunde katika kuweka alama halitakupotosha sana kwa sababu umbali wenyewe ni mrefu. Ukipima sekunde kumi tu, kosa hilo hilo linakuharibia hesabu yote.

Kama chanzo chako ni santuri, kagua kwanza pleya. Karatasi ya mistari ya kupimia kasi ichapwe kwa umeme wa kwetu: kwa 50 Hz, mizunguko 33⅓ inahitaji mistari 180, ya Marekani ya 60 Hz ina 216, na hiyo itakudanganya. Taa nayo iwe ya kumweka na umeme wa gridi, maana balbu nyingi za LED hazionyeshi chochote. Balaa kubwa zaidi ni pleya za mitumba kutoka Marekani. Nyingi za zamani zina mota inayofuata marudio ya umeme, na kwenye 50 Hz mota iliyotengenezwa kwa 60 Hz huzunguka mara 27.8 badala ya 33⅓. Transfoma ya kushusha volti haitibu hilo, kwa sababu inabadilisha volti na kuacha marudio yalivyo. Dalili yake haijifichi: muziki wote unashuka zaidi ya toni moja na nusu. Pleya za mota ya DC hazina ugonjwa huu.

Kurekebisha ni rahisi mradi uchague amri sahihi. Kwa kuwa sauti na muda vyote vimeguswa, tumia amri ya kubadilisha kasi, yenye kugusa vyote kwa pamoja, si ya kubadilisha sauti pekee wala mwendo pekee. Ukishusha sauti pekee, programu inalazimika kukatakata na kuunga upya wimbi ili muda ubaki, na tasa za Cobb zinaanza kulia kama maji yanayochuruzika. Kizidisho ni 1 ÷ 1.0125, yaani 0.9877, kwenye kisanduku cha asilimia andika -1.235, usiandike -1.25. Kwenye pleya ya DJ yenye kitelezi, shusha kama 1.2% na rekodi yako itazunguka mara 32.9 kwa dakika. Ukifika upande B rudisha kitelezi sifuri. Watu husahau.

Toleo la kwanza lenye kasi sahihi lilikuwa CD ya dhahabu ya mwaka 1992, iliyoandaliwa na Mark Wilder kutoka kwenye mkanda wa akiba, ambao mashine yake ilikuwa nzima. CD ya 1997 nayo iko sawa. CD zilizotoka kabla ya 1992, na santuri zote za awali za lebo ya macho sita, yaani lebo ya Columbia yenye alama sita za jicho (CL 1355 ya mono, CS 8163 ya stirio), zina kosa. Bei yake sokoni haina uhusiano na usahihi, unalipia ukale. Baadhi ya zile za mwanzo kabisa hata majina ya upande B yamebadilishana nafasi, kwa hiyo ukiona "Flamenco Sketches" inaanza na mwendo wa 6/8, lebo ndiyo iliyokosea.

Biashara ya leo imeongeza utata wake. Ulaya, haki ya rekodi ilikuwa ya miaka 50, na nyongeza ya kufikia 70 iliyoanza mwaka 2013 haikurudi nyuma kuzigusa zilizokwisha kuwa huru. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1963, hii ikiwamo, zilibaki huru huko. Marekani hii inalindwa hadi Februari 2067. Matokeo yake ni santuri nyingi za bei nafuu kutoka Ulaya zenye jalada zuri, uzito wa gramu 180, na hakuna neno hata moja kuhusu mkanda uliotumika. Chanzo kinaweza kuwa CD, au santuri nyingine. Baadhi zitakuwa na kasi ya zamani. Muuzaji akishindwa kukuambia chanzo, kataa, au nunua ukijua utapima mwenyewe. Mtunzi bado analipwa hata huko, kwani haki ya utunzi ni nyingine na ni ndefu zaidi. Hapo ndipo "Blue in Green" inapouma: kwenye santuri ya awali iliandikwa kwa jina la Davis, ilhali mpiga piano Bill Evans alidai ni yake, na jina lililo kwenye karatasi ndilo linalofuatwa na fedha.

Wanafunzi wa solo nao wana la kuangalia. Vitabu na mazoezi ya kabla ya 1992 yalitokana na sauti iliyopanda. Noti hazibadiliki, kwani senti 21 hazitoshi kuhamisha ufunguo, ila alama za mwendo kwa dakika zitakuwa juu kwa hiyo 1.25%. Mwendo wa 136 kwenye karatasi ya zamani ni kama 134 pale studioni.