Barabara ya mchepuko Unguja: yanayosemwa na yalivyo

Hakuna mada inayowasha baraza upesi kama barabara. Ikitajwa barabara ya mchepuko ya kuuzunguka Mji wa Zanzibar, haupiti muda watu wamekwishagawanyika, na mara nyingi mgawanyiko wenyewe hufuata rangi za bendera za vyama kuliko ramani. Mengi yanayosemwa kwa sauti kubwa, upande huu na ule, si ya kweli. Na si mambo ya kupuuza, maana lami ikishamwagwa juu ya konde la mtu ndiyo basi tena.

"Mchepuko ukijengwa, foleni ya mjini itakwisha."

Hili ndilo linaloaminiwa zaidi, na ndilo lenye kasoro kubwa zaidi. Barabara ya mchepuko humfaa yule anayepita mjini bila ya kuwa na shughuli mjini. Sasa itazame ramani ya Unguja. Mji umekaa ukingoni mwa kisiwa, upande wa magharibi, na nyuma yake ni bahari tupu. Haupo njiani kuelekea miji mingine kama ilivyo Morogoro au Mbeya. Anayetoka Fuoni asubuhi anakwenda Darajani, au Vuga, au Mnazi Mmoja kumtazama mgonjwa wake, au Malindi kuiwahi boti. Wa Bububu hali kadhalika. Daladala ya Mwera itauepuka vipi mji, na abiria wake wote ndiko wanakoshukia?

Wapo wanaopita kweli. Gari ya watalii ikitoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, kusini mwa mji, kwenda Nungwi, safari ya kilomita zipatazo 60, hujikuta imebanana na daladala za Mwanakwerekwe na Amani kabla haijaishika njia ya Mahonda. Lori la mchanga linalotoka kaskazini kupeleka mzigo kwenye ujenzi wa kusini ni hivyo hivyo. Hawa mchepuko utawafaa, na wakiondoka wao, waliobaki watapumua kidogo. Lakini ni wangapi katika hao wote? Hilo halijibiwi jukwaani. Hujibiwa kwa kuwasimamisha madereva na kuwauliza watoka wapi na waenda wapi, siku za kazi na za mapumziko, msimu wa watalii na usiokuwa wao, kisha kuhesabu. Mwanasiasa wa chama chochote anayeahidi kuimaliza foleni bila ya kuonyesha hesabu hiyo anaahidi asichokijua.

Chukua makontena. Husemwa kwamba mchepuko utaunusuru Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mitikisiko ya malori. Lakini malori yale si wapita njia. Safari yao inaanzia pale pale, bandari ya Malindi, pembeni kabisa mwa Mji Mkongwe. Kinachoweza kuyaondoa ni kuihamisha shehena yenyewe, na ndiyo maana mpango wa bandari mpya ya Mangapwani, nje ya mji, una uzito zaidi kwa Mji Mkongwe kuliko mchepuko wowote.

"Tujenge pana, haitajaa tena."

Itajaa. Barabara ya M25 inayoizunguka London ilikamilika mwaka 1986, na haukupita muda ikawa mfano wa foleni. Imepanuliwa zaidi ya mara moja. Kwa jirani zetu Nairobi, Eastern Bypass ilijengwa magari yauepuke mji, majumba na maghala yakaifuata, mwisho ikabidi ipanuliwe. Mwanauchumi wa Marekani Anthony Downs aliueleza mwenendo huu tangu mwaka 1962. Barabara nzuri hupandisha bei ya viwanja vya pembeni, watu wakajenga, kila nyumba ikatafuta gari au Vespa, na safari ambazo hazikuwapo zikawapo. Dawa yake inajulikana: makutano yawe machache, na mlango wa duka usifunguke moja kwa moja kwenye barabara kuu. Ahadi ya namna hiyo haipigiwi makofi mkutanoni, lakini ndiyo itakayoamua kama barabara itaendelea kuwa mchepuko au itageuka mtaa.

"Wanaohoji mstari wa barabara wanapinga maendeleo."

Maneno haya yanaumiza, na yanaharibu kazi. Mzee anayeuliza kwa nini mstari unapita skuli ya wajukuu zake na si uwanja ulio wazi jirani yake hajaipinga barabara. Ameuliza swali ambalo mhandisi mzuri angelitaka aulizwe mapema. Na upande wa pili nao uache kumwona kila anayeiunga mkono barabara kuwa ana tenda anayoitafuta. Mama anayetoka Tunguu na mgonjwa ndani ya gari ana sababu yake.

"Ardhi ni ya Serikali, kwa hiyo hakuna wa kulipwa."

Nusu ya kauli hii ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 imeiweka ardhi yote kuwa ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Lakini mwananchi ana haki ya matumizi, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila ya fidia. Nyumba ni mali. Mnazi ni mali. Mkarafuu ni mali.

Ugumu unaanza pale mpimaji anapofika na kopo la rangi nyekundu, akaandika X ukutani, sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, kasimama pembeni na daftari. Mwenyewe nani? Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia nyingi ziligaiwa eka tatu tatu. Wajukuu wa waliogaiwa wamegawana, mmoja kauza kipande, aliyenunua kakata viwanja viwili, na ushahidi ni karatasi iliyotiwa saini mbele ya sheha. Juu ya hapo kuna mila yetu ya miti: mwembe unaweza kuwa wa huyu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya yule. Mthamini anayehesabu nyumba tu, kisha akapanda gari, amewaacha nyuma ndugu watakaogombana miaka.

Halafu yupo mwenye genge la mboga kibarazani kwa mtu. Hana kiwanja, hana mti, hana X ukutani, lakini barabara ikipita amekosa riziki. Fedha zikitoka Benki ya Dunia, masharti yake yanataka hata wasio na hati wasaidiwe kuanza upya. Zikitoka katika bajeti yetu wenyewe, sioni kwa nini mtu huyo apate pungufu ya hapo.

"Ni mambo ya Muungano."

La. Barabara hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, na TANROADS, wakala wa barabara wa Bara, haina mamlaka Unguja wala Pemba. Wa kuulizwa mstari unapita wapi ni mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, si mbunge. Kinachoweza kuigusa barabara katika orodha hiyo ni mikopo ya nje.

"Tathmini ya mazingira ni kuchelewesha tu."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 inaitaka tathmini hiyo kabla ya ujenzi wa barabara kubwa, na kwetu ina sababu ambayo kila nyumba inaijua: maji. Nusu duara yoyote inayotoka kaskazini ya mji kwenda kusini itapita karibu na msitu wa Masingini, unaopokea mvua inayolisha chemchemi. Mji huu umekunywa maji ya chemchemi za upande wa Bububu tangu enzi za Sultani Barghash. Mafuta ya magari na takataka za barabarani vikiingia huko, hakuna daraja la juu litakaloturudishia maji safi.

Na kuna maji ya mvua. Watu wa Fuoni hawahitaji kuelezwa habari za Kibonde Mzungu, masika yalivyokuwa yakiikata njia kabla ya kujengwa daraja. Tuta refu la barabara lenye makalavati madogo hugeuka bwawa, na bwawa hilo huingia katika vyumba vya waliokuwa na nyumba kavu tangu wazaliwe. Mchoro wa kuuliza kwanza kwenye mkutano wa shehia ni ule wa mitaro.

"Tungoje pesa, mstari tutauchora baadaye."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu wote wameikubali, wanaoitaka barabara na wasioitaka. Mji wa Zanzibar haukukosa mipango. Mpangamiji Mwingereza Lanchester aliupangia mwaka 1923, mwenzake Kendall mwaka 1958, wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, Wachina mwaka 1982. Kilichokosekana ni kuilinda michoro. Nyumba zilijengwa haraka kuliko mafaili yalivyotembea. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya mwaka 2022 ikawahesabu 893,169. Karibu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na lazima wakae mahali. Wengi wamekwenda kule kule ambako mchepuko ungepita.

Kuchora mstari, kuweka bikoni na kuitangaza hifadhi ya barabara hakuhitaji mkopo. Kunahitaji Serikali kutamka hadharani, kabla kijana hajatoa akiba yake yote kununua kiwanja, kwamba hapa hapajengwi, na kumlipa aliyekwisha kujenga wakati nyumba bado ni chache. Kila msimu wa bajeti unaopita bila ya hilo, idadi ya kuta zitakazoandikwa X inaongezeka. Basi kabla ya kubishana tena kuhusu njia mbili au nne, wawakilishi wa vyama vyote waidai ramani hiyo ndani ya Baraza, ibandikwe katika ofisi ya kila sheha wa shehia inayoguswa, kwa kipimo ambacho mtu anaweza kuiona nyumba yake.