Je, wajua? Kura moja tu ndo iliangusha serikali ya India, na mpaka leo watu wanabishana ilikuwa ya nani

Jumamosi ya tarehe 17 Aprili 1999, bunge la India kule New Delhi lilipiga kura ya imani kwa serikali ya waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee. Waliomtaka 269, wasiomtaka 270. Kwisha habari. Nchi ya watu karibu bilioni moja, ina mpaka mabomu ya nyuklia, alafu serikali yake inaondoka kwa kura moja utadhani wanachagua monita wa darasa.

Sasa ukimuuliza Mhindi anayefuatilia siasa hiyo kura moja ilikuwa ya nani, wengi watakutajia jina fasta tu: Giridhar Gamang. Mi naona jamaa katwishwa mzigo wa watu wengi, na ukizipiga hesabu mwenyewe utaona. Ila kwanza tumjue huyu mzee aliyeangushwa.

Vajpayee kazaliwa Gwalior, tarehe 25 Desemba 1924 (ndio, siku ya Krismasi), baba yake mwalimu wa shule na mshairi, na yeye mwenyewe akaja kuwa mshairi wa Kihindi anayejulikana kabisa, si yale mashairi ya mwanasiasa ambayo watu wanapiga makofi kwa sababu ya cheo. Kuna kisa chake kimoja nakipenda sana. Alipoenda Kanpur kusoma sheria, baba yake ambaye ashastaafu ualimu akaamua na yeye anasoma, basi wakawa darasa moja, baba na mwana, na hosteli wanakaa pamoja. Mzee mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba baba akichelewa kipindi mwalimu anamuuliza mwana "baba yako yuko wapi", na mwana akichelewa anaulizwa baba! Sheria yenyewe hakumaliza, akaingia kwenye uhariri wa magazeti ya RSS, ile jumuiya ya Wahindu wazalendo ambayo alikuwa ameshajiunga nayo tangu kijana.

Mwaka 1957 akaingia bungeni. Na aliingiaje? Chama chake cha Jana Sangh kilikuwa kidogo hakina watu, wakamsimamisha majimbo matatu kwa mpigo, Mathura, Lucknow na Balrampur. Mathura alichapwa mpaka dhamana ya uchaguzi ikapotea, Lucknow akashindwa, Balrampur ndo akapita. Tangu hapo ni mpinzani tu, miongo na miongo, chama cha Congress kiko madarakani yeye yuko benchi la upande wa pili anaongea. Na kuongea alikuwa anajua bana. Alikuwa na ile staili ya kunyamaza katikati ya sentensi, kimyaaa, hadi unadhani kasahau, alafu anashusha neno moja ukumbi mzima unacheka. Waziri mkuu Indira Gandhi wa Congress alipotangaza hali ya hatari mwaka 1975 akawekwa ndani na wapinzani wenzake, walipotoka wakaungana wakamshinda mama uchaguzi wa 1977 na yeye akapewa wizara ya mambo ya nje, mwaka huohuo akahutubia Umoja wa Mataifa kwa Kihindi, wa kwanza kufanya hivyo. Serikali ile ikasambaratika kwa ugomvi wao wenyewe. 1980 yeye na wenzake wa Jana Sangh wakaanzisha chama cha BJP, yeye mwenyekiti wa kwanza, na uchaguzi wa 1984 chama kikapata viti viwili. Viwili tu! Yeye mwenyewe aligombea Gwalior kwao akashindwa.

Kutoka viti viwili hadi uwaziri mkuu ni miaka 12 tu. Mwaka 1996 BJP ikapata viti 161, ikawa chama kikubwa kuliko vyote bungeni lakini nusu haijafika hata kwa kuchungulia, akaapishwa, akahangaika kutafuta washirika, akakosa, siku ya 13 akaachia. Hata kura hakusubiri ipigwe, alisimama akahutubia kisha akatangaza anaenda kwa rais kujiuzulu.

Hapa inabidi nieleze kidogo kwa wale ambao tumezoea rais anachaguliwa na wananchi moja kwa moja. India waziri mkuu ndo mwenye serikali, na hana kura za wananchi wote mkononi, ana wabunge tu. Baraza lile la Lok Sabha lina viti 543 vya kuchaguliwa, kwahiyo namba inayotafutwa ni 272. Siku wabunge wakipungua chini ya nusu ya wanaopiga kura, umeondoka, hata kama jana ulikuwa shujaa. Na kama chama chako hakina 272 chenyewe basi unaishi kwa kuombaomba kwa vyama vidogo vya majimboni, na kila kimoja kina bili yake.

Mwaka 1998 Vajpayee akarudi, BJP viti 182 pamoja na kundi la washirika, kura ya imani akaipita 274 kwa 261. Mwezi Mei akalipua mabomu ya nyuklia ya majaribio pale Pokhran, jangwa la Rajasthan, dunia ikafura, Marekani ikaweka vikwazo, nyumbani watu wanasherehekea. Alafu Februari 1999 huyuhuyu wa mabomu akapanda basi kwenda Lahore, Pakistan, kuzindua safari za basi kati ya nchi mbili zisizopikika chungu kimoja, na ndani ya basi yumo mpaka Dev Anand, yule staa wa filamu ambaye wazee wetu waliokuwa wanaenda sinema miaka ile wanamjua. Nawaz Sharif akampokea mpakani. Ungesema huyu mtu kashika usukani vizuri.

Kumbe bomu liko nyumbani. Mshirika wake mkubwa kuliko wote alikuwa Jayalalithaa wa Tamil Nadu, staa mwingine wa filamu aliyegeuka mwanasiasa, ana wabunge 18 wa chama cha AIADMK. Bili yake ilikuwa nzito: alitaka serikali kuu iivunje serikali ya jimbo la Tamil Nadu iliyokuwa chini ya mahasimu wake wa chama cha DMK. Vajpayee akawa anazungusha, leo kesho, leo kesho. Mwisho wa Machi mwanasiasa mmoja mtata anaitwa Subramanian Swamy akaandaa chai pale New Delhi, na wageni waliokaa pamoja ni Jayalalithaa na Sonia Gandhi wa Congress. Chai tu. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Aprili, AIADMK wakajitoa serikalini, na rais K. R. Narayanan akamwambia Vajpayee haya, nenda bungeni kathibitishe kwamba bado una wabunge wa kutosha.

Sasa turudi kwenye kura. Toa 18 kwenye hesabu, ila DMK ile ambayo serikali yake ilikuwa inatakiwa ivunjwe ikahamia upande wa Vajpayee (adui wa adui yako, unajua tena), kwahiyo mpaka asubuhi ile watu wa serikali walikuwa wanaamini wanapita kwa kura chache. Wakapigwa na vitu vitatu.

Cha kwanza Mayawati, mama wa chama cha BSP, ana wabunge 5. Serikali ilikuwa inajua hawa hawatapiga upande wowote. Dakika za mwisho mama akawageuza, wote watano wakapiga kura ya hapana. Wangekaa kimya matokeo yangekuwa 269 kwa 265 na mimi nisingekuwa na cha kuandika leo.

Cha pili ni Saifuddin Soz wa Kashmir. Chama chake cha National Conference kilikuwa kinaiunga mkono serikali, na kijana Omar Abdullah wa chama hichohicho akapiga ndio, Soz akapiga hapana. Chama kikamtimua. Baadaye akaenda Congress akawa mpaka waziri.

Cha tatu ndo Gamang. Huyu alikuwa mbunge wa Koraput tangu miaka ya 70, na Februari ya mwaka huohuo 1999 Congress ikamfanya mkuu wa serikali ya jimbo la Orissa, cheo kama kile cha Waziri Kiongozi kilichokuwepo Zanzibar. Kwahiyo ana kazi jimboni, lakini ubunge wa taifa bado hajauachia. Kisheria hakuvunja kitu, maana katiba ya India inamruhusu mtu kuongoza jimbo miezi sita kabla hajapata kiti kwenye bunge la jimbo, na hiyo miezi ilikuwa haijaisha. Siku ya kura akatua New Delhi, akakaa kwenye kiti. Watu wa serikali wakapiga kelele huyu si wa hapa, ana serikali yake kule! Spika G. M. C. Balayogi akasema analiacha kwenye dhamira ya mbunge mwenyewe. Dhamira ya Gamang ikabonyeza hapana.

Na utamu wa hesabu uko hapa. Gamang angebaki Orissa ingekuwa 269 kwa 269, na kura zikifungana spika ndo anapiga ya kuamua, na Balayogi alitoka chama cha TDP kilichokuwa kinaibeba serikali kutoka nje. Kwahiyo ruhusa ile ya spika iliuma mara mbili. Lakini Soz naye angefuata chama chake ingekuwa 270 kwa 269 na Vajpayee anabaki. Sasa kwanini anayesemwa zaidi ni Gamang? Nadhani kwa sababu kisa chake ndo kinachekesha, mtu kasafiri kutoka kwenye ofisi nyingine kuja kuangusha ya mwenzie. Jayalalithaa aliyeondoka na 18 hakuna anayemwita "kura moja".

Walioangusha nao hawakupata kitu. Sonia Gandhi alitoka kwa rais akasema ana wabunge 272 na wengine wanakuja, wakati huo Mulayam Singh Yadav, kiongozi wa chama cha Samajwadi, anakataa kumuunga mkono, hesabu ikagoma, tarehe 26 Aprili bunge likavunjwa. Vajpayee akabaki wa kushikilia ofisi tu mpaka uchaguzi, na ni katika miezi hiyohiyo ya kushikilia ndo ikagundulika wanajeshi wa Pakistan wamepanda na kukaa kwenye vilele vya milima ya Kargil kule Kashmir, vita vikapiganwa mpaka tarehe 26 Julai na India ikavirudisha vilele vyake. Mtu uliyemtoa kwa kura moja sasa anaenda kwenye uchaguzi kama mshindi wa vita! Septemba na Oktoba wakapiga kura, BJP viti 182 vilevile lakini washirika safari hii wengi na watiifu, akakaa mpaka Mei 2004.

Kipindi hicho kina ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Barabara kuu ya kuunganisha Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata, zaidi ya kilomita 5,800, ni mradi wake. Machafuko ya Gujarat ya 2002, ambako watu zaidi ya elfu walikufa, wengi wao Waislamu, yalitokea yeye akiwa waziri mkuu na chama chake ndo kinaongoza jimbo, na lile doa halijatoka. 2004 akaingia kwenye uchaguzi na kaulimbiu ya India inang'aa, wakulima wakasema kwetu bado giza, akashindwa.

Baada ya hapo akaugua, kiharusi kikamchukua sauti ileile iliyokuwa silaha yake, akawa haonekani hadharani mpaka alipofariki tarehe 16 Agosti 2018. Machi 2015 rais alimfuata nyumbani kumvisha Bharat Ratna, nishani ya juu kabisa ya nchi. Na miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Giridhar Gamang akaihama Congress akajiunga na chama kingine. BJP.