Kiwango cha HID cha nukta nundu ni nini?

Kifaa cha kuonyesha nukta nundu (Braille, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) ni ubao mwembamba unaowekwa mbele ya kompyuta au kubebwa pamoja na simu. Juu yake pana safu ya seli, na kila seli kwa kawaida ina vipini vinane vinavyopanda na kushuka. Maandishi yaliyo kwenye skrini hugeuzwa kuwa nukta, msomaji anapitisha vidole, akifika mwisho anabonyeza kitufe na vipini vinajipanga upya. Vipo vya seli 14, 20, 32, 40 hata 80. Kiwango cha HID cha nukta nundu ni makubaliano ya pamoja yanayoeleza jinsi kompyuta au simu inavyowasiliana na vifaa hivi, viwe vimetengenezwa na kampuni yoyote ile.

Wapo wanaouliza kwa nini asiyeona ahangaike na nukta wakati programu ya kusoma skrini inaweza kumsomea kwa sauti. Sauti haimwonyeshi mwanafunzi kama neno limeandikwa kwa "r" au kwa "l". Haimruhusu kurudi taratibu kwenye mabano ya swali la hesabu. Na kwa kiziwi asiyeona, sauti haipo kabisa. Kilichobaki ni vidole.

Kwenye vifaa vingi, kila kipini huinuliwa na kijiti cha kauri ambacho hupinda kinapopitishiwa umeme wa karibu volti 200. Seli 40 ni vipini 320, kila kimoja na kijiti chake, na ndiyo sababu kifaa cha ukubwa huo mara nyingi hupita dola 2,000. Mtu akishalipa fedha hizo, jambo la mwisho analotaka ni kuambiwa kwamba kompyuta yake haikitambui.

Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Kila kampuni ilibuni itifaki yake: amri zake za kuinua vipini na namna yake ya kutaja vitufe. Waandishi wa programu za kusoma skrini walilazimika kuandika kiendeshi, yaani programu ndogo ya kuzungumza na kifaa, kwa kila familia ya vifaa. BRLTTY, programu ya nukta nundu inayohudumia mfumo wa Linux, imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1995. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, nayo ilibeba mzigo uleule. Kifaa kipya kikitoka, mtumiaji anasubiri mpaka mtu fulani akiandikie kiendeshi.

Watengenezaji wengine waliamua kuiga itifaki ya mwenzao. Orbit Reader 20, kifaa cha seli 20 ambacho Kilimanjaro Blind Trust Africa imekisambaza katika shule za Kenya, ni mfano mzuri. Kwenye NVDA kilihudumiwa na kiendeshi kilichoandikwa kwa ajili ya vifaa vya Baum, kampuni ya Ujerumani. Ilisaidia, na wanafunzi wakasoma, ila kifaa kilikuwa kikijitambulisha kwa sura ya kampuni nyingine.

Mkanganyiko mwingine ulionekana kwenye Ubuntu 22.04, mojawapo ya matoleo ya Linux. Kifaa kimoja cha nukta nundu kilitumia chipu ya kawaida ya kuunganisha USB, ileile inayopatikana kwenye bodi nyingi za majaribio ya elektroniki. BRLTTY ikiiona chipu hiyo ilidhani nukta nundu imefika, ikaishika. Waliochomeka bodi zao wakakuta hazipatikani, na ushauri uliosambaa kwa kasi ukawa ni kuiondoa BRLTTY kabisa. Maana yake ni kwamba programu ambayo asiyeona anaitegemea kuwasha na kusoma kompyuta iligeuzwa kero ya kufutwa, kwa sababu tu kifaa hakikuwa na njia rasmi ya kusema "mimi ni kifaa cha nukta nundu".

Njia hiyo rasmi ndiyo iliyotangazwa tarehe 31 Mei 2018 na USB-IF, jumuiya inayosimamia viwango vya USB, kwa ushirikiano wa kampuni zikiwemo Apple, Google na Microsoft. HID ni familia ya vifaa vinavyotumiwa na binadamu kuiamuru kompyuta: kibodi, kipanya na wenzao. Ukinunua kibodi yoyote dukani na kuichomeka, inaandika papo hapo, kwa kuwa inajieleza yenyewe kwa utaratibu uliokubaliwa. Sasa nukta nundu ina ukurasa wake katika majedwali ya HID, namba 0x41. Kifaa kikichomekwa kinataja kina seli ngapi, ni za nukta sita au nane, kina vitufe gani vya kusogeza mbele na nyuma, na kama kina vile vitufe vidogo juu ya kila seli ambavyo ukikibonyeza kimoja, kielekezi kinahamia kwenye herufi ile.

Kisha kompyuta inatuma baiti moja, yaani biti nane, kwa kila seli ya nukta nane, kila biti ikiwa nukta yake. Nukta ya 1 huhesabiwa 1, ya 2 huhesabiwa 2, ya 3 huhesabiwa 4, na kila inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia. Herufi "k" ni nukta 1 na 3, kwa hiyo inakwenda kama namba 5. Neno "kitabu" linasafiri hivi: 5, 10, 30, 1, 3, 37.

Utaratibu huu hufanya kazi kwa kebo ya USB na kwa Bluetooth. NVDA iliupokea katika toleo la 2021.3. Kwa upande wa Android, TalkBack, programu yake ya kusoma skrini, inautumia kwa njia zote mbili kuanzia Android 15. Kiwango hiki kimeacha nafasi hata kwa vifaa vya mistari mingi, kama Monarch yenye mistari 10 ya seli 32.

Kuna kazi moja ambayo kiwango hiki hakiigusi: hakisemi herufi au kifupisho gani kiandikwe kwa nukta zipi. Hiyo ni kazi ya majedwali ya lugha, na programu nyingi huyachukua kutoka Liblouis, mradi huru ulioanza 2002. Kiswahili kimo humo, kwa kanuni za Kenya. Bila jedwali sahihi, kifaa kitatambuliwa vizuri kabisa na bado kitamwonyesha mtoto vifupisho vya lugha nyingine. Kwa maoni yangu, hapa ndipo walimu wetu wa nukta nundu wana la kuchangia kuliko mhandisi yeyote.

Vifaa vya zamani vitaendelea kuhitaji viendeshi vyao. Kwa hiyo shule au wizara inayoandaa zabuni iandike sharti la HID wazi, kwa USB na kwa Bluetooth, maana vipo vinavyotimiza upande mmoja tu. Na iulize kama programu ya ndani ya kifaa inaweza kusasishwa. Kifaa kikifika, jaribio linachukua muda mfupi: kwenye NVDA bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Control na A, orodha ya vifaa itafunguka, chagua kilichoandikwa HID, kisha angalia kama nukta zinapanda.