Bunge Linakwama Hata Likiwa Linapitisha

Nafundisha sheria ya katiba hapa Tabora, na kila nikigusia mkwamo wa vyama bungeni, wanafunzi hukimbilia Marekani. Kule wabunge wasipokubaliana juu ya fedha, ofisi za serikali hufungwa. Kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019 nyingi zilifungwa siku 35. Kwetu hilo ni vigumu kutokea. Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, na wabunge walio tayari kurudi majimboni kuomba kura kabla ya wakati ni wachache. Basi vijana huhitimisha kwamba sisi ugonjwa huo hatuna. Tunao. Wetu hautambuliki upesi kwa sababu vikao huendelea na mwisho kitu hupitishwa.

Tazameni Bunge Maalum la Katiba la 2014, lililokaa kujadili rasimu ya katiba mpya. Mkoa wetu ulikuwamo pande zote mbili. Mwenyekiti alikuwa Samuel Sitta wa Urambo, na aliyeongoza Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, kutoka ukumbini Aprili 16 alikuwa Profesa Ibrahim Lipumba, naye mzaliwa wa Tabora. Jirani zetu wa Kigoma walikuwa na majimbo manne mikononi mwa NCCR-Mageuzi, kimojawapo cha vyama vitatu vya Ukawa, pamoja na Chadema na CUF. Ugomvi mkubwa ulikuwa muundo wa Muungano: Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilipendekeza serikali tatu (ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano), CCM, chama tawala, ikasimamia mbili. Kabla ya hapo muda mwingi ulikwisha kuliwa na mabishano kama kura iwe ya siri au ya wazi.

Ili katiba ipite, sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake. Kusudi la sharti kama hilo ni kuwalazimisha wapinzani wakae mezani, kwa kuwa mkubwa hatoshi bila mdogo. Lakini ukumbi ulijaa wabunge na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, watu wa vyama, wakaongezwa wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Ilipoonekana kwamba hesabu inaweza kutimia bila Ukawa, hata kama kwa Zanzibar ilikuwa finyu, haja ya kuwabembeleza warudi ilikwisha. Nguvu zikaelekezwa kwenye kutafuta kura moja moja, hadi wajumbe waliokuwa Hijja wakawekewa utaratibu wa kupiga kura wakiwa huko huko. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ikapita.

Na hapo ndipo ilipokwama. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, mfumo wa alama za vidole, haukuwa umekamilika, na haijafanyika mpaka leo.

Linaloniuma zaidi ni yale yaliyodondoka njiani. Rasimu ya Warioba ilitaka mbunge asizidi vipindi vitatu, na wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa kabla ya muda wake. Yote mawili yaliondolewa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua ambaye mbunge wake hamsikii hana la kufanya ila kungoja miaka mitano. Hakunyimwa haki hiyo na kura ya wananchi. Ilifutwa na ukumbi ambao sehemu kubwa ya waliokaa ndani yake ni hao hao ambao ingewabana.

Tume ya uchaguzi nayo ikabaki mzozo. Sheria ya Tume Huru ya 2024 ilipitishwa na Bunge lenye wapinzani wa kuhesabu, na Oktoba 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi za kura, ikishikilia kwamba mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi yatangulie.

Ndiyo maana mjadala wa katiba ukirudi, mimi sitaanza na serikali mbili au tatu. Nitaanza na orodha ya watakaoketi: wabunge na wawakilishi waliomo madarakani wasiwe wengi ndani ya ukumbi huo, na kanuni ya kura iandikwe na kukubaliwa kabla mjumbe wa kwanza hajaapishwa.