Machicha ya pombe hayaoshi dawa ya magugu

"Bwana shamba, nimemwaga machicha shamba zima, sumu imekwisha. Kesho napanda maharage." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara naumia, maana najua mkulima huyo atarudi kwangu na mche uliokauka mkononi.

Machicha hayaui sumu wala hayaioshi. Yanalisha vijidudu vya udongo, na vijidudu ndivyo vinavyoimeng'enya dawa, tena polepole, kukiwa na unyevu, joto na hewa. Ukimwaga machicha kwenye udongo mkavu kisha ukaenda zako, sumu iko pale pale. Halafu, uliwahi kusoma lebo ya dawa uliyopiga? Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Atrazini, dawa nyingine ya magugu, hukaa miezi. Mahindi huistahimili, maharage hufa. Ukiniletea machicha bila kuniambia ulipiga dawa gani, sina la kukushauri.

Na tafadhali, usipande shamba zima kwa kubahatisha. Chukua makopo sita yenye matundu chini: matatu jaza udongo wa shamba hilo, matatu udongo usiowahi kupigwa dawa. Panda maharage, mwagilia sawasawa, ngoja wiki tatu. Usishangilie yakiota! Penye atrazini huota vizuri kabisa, kisha majani ya chini huanza kuwa manjano pembeni, yakaungua kuelekea ndani. Wengi huacha kuangalia siku ya nne, ndipo wanapopotea.

Eti machicha mabichi ndiyo yenye nguvu? Hapana. Machicha mabichi yamejaa maji na tindikali, yakirundikwa hupata moto, na yakioza udongoni hunyang'anya mizizi hewa. Changanya na majani makavu au pumba, geuza lundo, ngoja mpaka harufu ya uchachu iishe na lundo linukie kama udongo.

Samadi nayo si salama kila mara. Klopiralidi, nayo dawa ya magugu, ikipigwa kwenye malisho hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, ikatoka na kinyesi, na hata kwenye mboji hukawia. Majani ya maharage yakijikunja kama kikombe, ishuku samadi kwanza.

Na chokaa, ambayo wengi huongeza "kukata uchachu" wa machicha: atrazini na dawa nyingi za magugu za jamii ya salfonilurea hudumu zaidi tindikali ya udongo ikipungua. Pima udongo kabla hujafungua mfuko.