Je, wajua kwa nini korosho ya Mtwara husafirishwa na ganda lake?

Oktoba ikiingia, malori ya korosho hujipanga kwenye maghala ya Newala, Tandahimba na Masasi. Mnada ukipita, sehemu kubwa ya mzigo hupakiwa melini ikiwa ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kwani sisi hatuna viwanda?

Tanzania tulijenga 12 miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani 145,000 hivi. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa mbali porini. Bei ya mkulima ikawa duni, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukashambulia maua. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Baadhi ya viwanda havikuwahi kuwashwa. Baadaye vikabinafsishwa, na vingine, inauma kusema, vikawa maghala ya korosho ghafi.

Lakini mavuno yamerudi: 2017/18 yalipita tani 300,000. Kinachokwamisha ubanguaji sasa ni mtaji. Mnada ni wa wiki chache tu, na mwenye kiwanda anatakiwa anunue humo korosho ya kubangua mwaka mzima, kwa mkopo wenye riba kubwa, kisha auze kidogo kidogo. Anayesafirisha ghafi hurudisha fedha zake mapema. Tena mavuno ya India huanza kama Februari, kwa hiyo wabanguaji wa kule, viwanda vyao vikiwa vitupu, hupandisha bei mnadani kwetu. Na kazi yenyewe ni ya ustadi: ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, punje imepinda, na ikivunjika thamani yake inaporomoka.

Serikali huweka ushuru kwa korosho ghafi inayotoka nchini: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa zaidi. Shabaha ni kumpa mbanguaji wa ndani nafuu ya bei. Lakini mnunuzi wa nje huukata ushuru huo kwenye bei anayotaja mnadani, kwa hiyo anayeubeba ni mkulima. Naye mbanguaji asiye na fedha Oktoba, nafuu hiyo haimsaidii. Kama mkulima ndiye anayelipa, basi ni haki yake kuona sehemu ya ushuru huo ikirudi Mtwara na Lindi kama mkopo nafuu kwa wabanguaji, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.